Friji Niliyosema Ninayo

Jumanne, 3 Desemba 1996

Sammy anakuja kulala nyumbani! Anafika Sikukuu ya Jamhuri, tarehe 12, anakaa mpaka Jumapili. Na gari, na mahema, na wenzake wa kazini.

Hayo kwanza. Sasa salamu. Hujambo, daftari? Mimi sijambo, isipokuwa goti.

Mwalimu Nchagwa wa gumbaru, ile shule ya watu wazima, alituambia tuandike kila siku, mkono usisahau. Tuandike Kiswahili, maana yeye ni Mkuria na Kijaluo chetu hakimwingii. Wenzangu waliacha zamani. Mimi niliendelea. Jioni nyumba hii ina kuku wawili na mimi, na kuku hulala mapema.

Sasa habari yenyewe. Mulki, mke wa Ahmednur mwenye duka hapo Rodi Kopany, alituma neno kwamba nina simu, niende haraka. Nikatoka na unga mikononi. Duka lilikuwa limejaa. Wote walinyamaza ili wanisikilize vizuri. Watu wa Rodi wana adabu hiyo.

Sammy yuko Nakuru, kazi ya bima. Ana tai tatu, moja ya hariri. Nilimuuliza kwa sauti kubwa kama bado anavaa ile ya hariri. Akasema Mama, sikiliza, laini itakatika. Duka lilikuwa limeshasikia, kwa hiyo nikamsikiliza.

Mambo ni haya. Kwetu mwanaume mzima halali nyumba ya mama yake. Hulala kwenye simba, kijumba chake kando ya lango. Simba ya Sammy ililiwa na mchwa mwaka tuliomzika baba yake, na hajapata likizo ya kujenga nyingine. Kwa hiyo akija anakula, anaangalia jua, anaondoka kwenda kulala loji Homa Bay. Mimi nabaki kuosha sahani mbili. Sasa amenunua hema. Anasema watu wa ofisini kwake wanapenda kulala nje kwa hiari yao, wanaita kupiga kambi. Elimu ni kitu cha ajabu.

Shida ni moja. Safari iliyopita nyama yao iliharibika, wakaharisha wote, dereva zaidi. Tangu hapo Liz, msichana anayewaongoza, ameweka sheria: pasipo mahali pa kuweka chakula kipate baridi, hawalali. Sammy akauliza, Mama, kuna baridi hapo nyumbani? Kama hakuna, watapiga kambi kule mbugani Lambwe, naye atapita tu kunisalimu. Kikombe kimoja cha chai.

Kikombe kimoja.

Mdomo wangu ukasema: tuna friji. Sikuutuma.

Ahmednur aliacha kupima sukari. Mulki aliinua kichwa. Na nyuma yangu, na chupa yake ya mafuta ya taa, alikuwa amesimama Jedidah.

Jedidah ni mke mwenzangu. Mimi ndiye mkubwa, nyumba yangu inatazama lango. Yake iko pembeni, na ndani ya hiyo nyumba ya pembeni kuna friji inayotumia mafuta ya taa. Binti yake Edith, aliyeolewa Migori, ndiye aliyemletea. Anauzia soda wapita njia. Mzee alipofariki, Jedidah alikalia kiti changu kando ya jeneza, mbele ya watu wa kwetu wote waliotoka Rusinga. Tangu siku hiyo mimi na yeye ni salamu tu.

Alinunua mafuta yake akaenda. Huyo mwanamke ana kunyamaza kubaya.

Jumatano, 4 Desemba

Sitaomba. Hilo liandikwe.

Na kwa nini niombe? Bibi yangu kule Rusinga hakujua friji, na maji yake yalikuwa yanauma meno. Alikuwa na chungu kwenye mchanga uliolowa, basi. Nimechimba shimo nyuma ya nyumba, kivulini. Nimetia mchanga wa mtoni, nikauloweka, nikaketisha chungu changu kikubwa. Ndani nimeweka soda moja na maziwa ya kujaribia. Juu gunia lililolowa. Goti linalia, lakini kichwa kinacheka.

Jedidah alipita na kuni. Akauliza ninazika nini. Nikamjibu napanda chungu. Akasema kwa mvua hii kitaota vizuri. Sikucheka mpaka alipoingia kwake.

Ijumaa, 6 Desemba

Jana nilitia kidole kwenye soda. Baridi. Nikaenda kulala nikiwa mshindi.

Leo nimekumbuka kwamba kidole hiki kimesonga ugali wa moto tangu nikiwa msichana. Kwake kila kitu ni baridi. Nikamwita Helen jirani aguse na chake, kwa kuwa ni mwanamke wa kushona, ana kidole laini. Akasema Nyar Rusinga, hii ni ya kuogeshea mtoto. Nyar Rusinga ndiye mimi, binti wa Rusinga. Ndivyo wanavyoniita huku nilikoolewa.

Maziwa yameganda. Helen akauliza ndiyo yaliyotoka kwenye ile friji? Nikasema ndiyo, friji ina sehemu ya kugandisha maziwa, wazungu wanayapenda hivyo. Nikampa kikombe. Akasifu. Mengine nilikunywa mwenyewe jioni, na mengine tena. Ukiwa peke yako hakuna wa kukusaidia kumaliza kosa.

Chungu hakina hatia. Ni cha zamani, kimepikiwa, kimejaa masizi, hakitoi jasho. Kilitakiwa kipya. Mpango ulikuwa mzuri, chombo ndicho kilikuwa kibaya.

Jumamosi, 7 Desemba

Leo nimeaibika, lakini nimepata funzo kuhusu kisima.

Baridi iko chini ya ardhi. Hilo kila mtu anajua. Kisima chetu ni kirefu, maji yake ni baridi hata Januari. Alfajiri nilishusha ndoo yenye mfuniko, ndani soda na kilo ya nyama ya majaribio. Kamba nikaifunga kwenye mti, chini kabisa, nikaifunika na majani. Nani atainama aone?

Elkana aliinama. Elkana ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu, na ni mwenyekiti wa kamati ya kisima, kazi anayoifanya kama ya mkuu wa wilaya. Aliposikia wanawake wanasema kuna kitu kinagonga ndoo zao, alivuta. Akafungua mfuniko mbele ya foleni nzima. Watu walinyoosha shingo. Akatoa soda moja, akaitazama juani. Akatoa nyama. Akauliza ni nani kati yetu anayepikia samaki wa kisimani.

Helen, na ile sauti yake isiyojua kunong'ona, akasema hiyo kamba ni ya mbuzi wa Nyar Rusinga.

Elkana akanigeukia. Alisema shemeji, kisima si friji. Kisha akafikiri, na hapo ndipo paliponiumiza. Akauliza, kwani ile friji uliyomwambia mtoto kwenye simu imekuwa nini? Nikamjibu ina homa. Sijui kwa nini nilisema homa. Foleni ilicheka mpaka mtu akamwaga maji.

Jedidah alikuwa kwenye foleni. Hakucheka. Aliinua ndoo yangu, akanibebea mpaka njia panda ya nyumba zetu, akaiweka chini. Sikumwomba anibebee. Nyama ilikuwa nzuri, nimeila. Soda moja Elkana alikunywa, akaiita faini.

Jumapili, 8 Desemba

Kanisani watu watano waliniuliza hali ya friji. Mhubiri mwenyewe aliiombea, nadhani kwa utani. Niliitikia amina.

Jioni Jedidah alikuja mpaka kwenye ua wa miti, asivuke. Akasema, Mikayi. Hilo ni jina la heshima la mke mkubwa, na hakuwa ameniita hivyo tangu matanga. Akasema friji yake ina nafasi, rafu yote ya chini, na kama watoto wanakuja naweza kuleta vitu. Alisema polepole, akitazama majani.

Hapo ningesema asante, mambo yangekwisha. Nikasema yangu inakuja kutoka Kisumu, kubwa kuliko hiyo, yenye taa ndani.

Akasema sawa. Akarudi.

Nilikaa mlangoni. Moshi ulikuwa unatoka jikoni kwake na unatoka jikoni kwangu. Boma moja, wanawake wawili, sufuria mbili ndogo. Zamani Mzee akiwapo tulikuwa tukisonga ugali wa kulisha shule. Sasa nasonga wa kutosha kiganja. Nilitaka kwenda kumwambia Jedidah hivyo, ni jambo ambalo angelielewa. Lakini nilikuwa nimeshasema kuna taa ndani.

Jumatatu, 9 Desemba

Siku imeliwa na hema. Elkana alifika na wazee wawili kuamua kama hema ni nyumba. Kwa maana kama ni nyumba, Sammy atakuwa amejenga bila kufuata taratibu, na hilo si la kucheka. Walikaa kwangu, wakanywa chai yangu, wakabishana mpaka mkate ukaisha. Mzee mmoja alisema chochote chenye mlango ni nyumba. Mwenzake akamuuliza kama suruali yake ni nyumba. Walikaribia kugombana.

Mwisho Elkana akaamua: kitu kinachokunjwa na kutiwa ndani ya gari ni nguo. Mtu anaweza kulala ndani ya nguo popote. Wakalipige hema pale ilipokuwa simba. Lakini sharti moja, Sammy asiingie langoni na shoka pamoja na jogoo, maana shoka na jogoo ni vya mtu anayehama kwenda kufungua boma lake, na boma halifunguliwi ndani ya boma la baba. Nimepeleka ujumbe kwa Mulki kwamba Sammy akipiga simu aambiwe asije na jogoo.

Kwa hiyo mahali pa kulala papo. Kilichobaki ni baridi. Kesho naenda Homa Bay. Nimewaza jambo ambalo Jedidah na friji yake hawajawahi kuliwaza.

Jumanne, 10 Desemba

Barafu! Nina barafu!

Nilijiuliza: mbuta wanaovuliwa ziwani wanafikaje viwandani bila kunuka? Kwenye malori ya barafu. Na malori yanapakia wapi? Homa Bay, ufukweni. Na kutoka hapo yanapita wapi? Yakielekea Rongo yanapita hapa hapa Rodi Kopany. Wanawake waliosoma wangefikiria hilo lini?

Nilifika na kuku mmoja chini ya kwapa na magunia mawili. Dereva anaitwa Ryoba, Mkuria wa upande wa Migori, mrefu, mwenye dharau ya watu warefu. Aliniambia Mama, hii barafu ni ya samaki, si ya watu. Nikamwambia mtoto wangu ana tai tatu. Akasema hata aje na kumi. Nikamwonyesha kuku. Akamgeuza geuza. Akauliza anataga? Nikasema huyo hana kazi nyingine. Hilo lilikuwa uongo, lakini Wakuria ni wafugaji wa ng'ombe, kuku hawawajui sana.

Alinijazia gunia. Nikaongeza unga wa mbao niliouomba kwa fundi seremala, kama walivyokuwa wakifanya wavuvi zamani. Akanipakia mbele, akanishusha karibu na njia ya kwetu. Njiani aliniuliza nani anakuja. Nilimweleza. Akasema mama yake yuko Kehancha, na hajafika huko tangu kazi hii ianze. Nikamwambia aende. Akasema samaki hawangoji. Nikamwambia hata mama hawangoji sana. Tulipofika alinishushia gunia mwenyewe.

Sasa iko ndani ya sanduku la bati la marehemu, juu ya unga wa mbao, chini ya unga wa mbao, na blanketi mbili. Inanuka mbuta kidogo. Mimi pia.

Nyumba ina kuku mmoja na mimi.

Jumatano, 11 Desemba

Nieleze taratibu.

Helen alipita asubuhi. Nikasema Helen, njoo uone kitu. Nikafungua sanduku, nikafunua blanketi, nikafukua unga. Barafu ilikuwa inang'aa kama vioo vya kanisani. Akapiga kelele. Akaomba kipande cha kupeleka kwa wajukuu. Ningemnyima?

Helen akaeleza wengine. Wakaja. Sasa, mtu ametembea kutoka mbali kuja kwako, mtu ambaye hajakanyaga hapa tangu matanga, utamwambia sanduku halifunguliwi? Walikaa. Walizungumza. Kuna aliyeleta njugu. Mama mmoja mzee aliweka kipande shavuni, akasema anasikia meno aliyong'oa. Elkana naye alikuja, akashika barafu, akasema kumbe ile homa imepona. Nikacheka na mimi. Nyumba ilikuwa na watu mpaka nje. Sikumbuki mara ya mwisho viti vyangu kupungua.

Kila aliyekuja nilimfunulia. Nilimfunulia kabisa, mpaka chini, aone ilivyo nyingi.

Walipoondoka nilitaka kupanga soda. Ndani ya sanduku kulikuwa na uji wa unga wa mbao na blanketi mbili zinazonuka samaki. Maji yalikuwa yametoka kwa chini, yamefika mpaka kitandani.

Nilikaa juu ya sanduku. Kesho wanafika. Watauliza iko wapi, na nitasema nini? Watageuza gari kwenda Lambwe, Sammy atasimama na kikombe kimoja, akiangalia jua. Na mimi nimeshafagia pale penye simba, nimeng'oa kila mwiba kwa mkono.

Nilikwenda mpaka kwenye ua wa Jedidah. Nilifika kabisa. Mlango wake ulikuwa wazi, na friji imetulia ndani kama paka. Nikakohoa. Akatoka, akaniuliza kuna nini. Nikamwambia nimekuja kumjulisha kwamba mbuzi wake anakula sukuma wiki yangu.

Hana mbuzi. Mbuzi ni wangu.

Ijumaa, 13 Desemba

Jana sikuandika. Nilikuwa na kazi, na furaha, na aibu, na mikono miwili tu.

Walifika mchana. Gari jeupe, vumbi jekundu, Sammy amenenepa vizuri, sifa kwa Mungu. Aliponikumbatia alisema Mama, unanuka ziwa. Nikasema ndiyo manukato ya siku hizi. Elkana alisimama langoni kama polisi wa mpakani. Alipata shoka la kuni ndani ya gari, akalichukua akaliweka chini ya kitanda chake. Jogoo hakupatikana.

Liz ni mdogo wa mwili, ana suruali na kofia, lakini sauti yake inabeba. Alishusha sanduku la plastiki la buluu lenye kuta nene. Ndani nyama, maziwa, soda, na barafu yao waliyonunua Kisii, imeanza kulegea. Akasema hii itakwisha leo, tuhamishe vitu haraka. Akanitazama kwa heshima. Mama, friji iko wapi?

Nyuma yangu walikuwa Helen, Elkana, na nusu ya foleni ya kisima. Hakuna aliyetaka kukosa. Sammy alikuwa ananitabasamia, na nikaona ametoka mbali na ananiamini. Mdomo wangu, ule unaosema bila kutumwa, ulikauka.

Basi Jedidah akatokea kwenye ua wake akijifuta mikono. Akavuka. Aliwasalimu mmoja mmoja, akasema karibuni wanangu, friji ya mama yenu mkubwa iko huku kwangu. Kwake kuna moshi, nilimwambia itaharibika rangi, ndiyo maana namtunzia. Alisema hivyo kama mtu anayetaja hali ya mvua. Hakunitazama.

Wakabeba sanduku wakamfuata. Na mimi nikafuata, kwani ni friji yangu.

Ilikuwa tupu. Rafu zote, zimefutwa zinang'aa. Nikatazama nje dirishani. Soda zake za kuuza zilikuwa zimepangwa kwenye benchi, juani.

Elkana alifungua kinywa. Jedidah akamuuliza kama amewahi kuona shemeji anayesimama wageni wakibeba mizigo. Akakifunga, akabeba.

Wamelala hapa. Mahema matatu, moja la njano, moja la kijani, na la Sammy pale pale palipokuwa simba. Asubuhi nilipofungua mlango niliona viatu vya mtoto wangu nje ya hema, vimepangwa, kama alivyokuwa akivipanga akienda shule. Nilisimama hapo na ufagio. Sikufagia.

Jumamosi, 14 Desemba

Siku nzima ni kuvuka kwenda kwa Jedidah. Nyama, maziwa, maji ya Liz, soda ya dereva. Nimeingia nyumba yake leo mara nyingi kuliko miaka miwili yote tangu matanga. Alinionyesha siri ya mashine. Unapiga magoti, unachungulia moto wake chini. Ukiwa wa buluu, mambo ni mazuri. Ukiwa wa manjano, utambi umechafuka na utaleta moshi, na ndani kutakuwa na joto. Ajabu, moto unaotengeneza baridi. Tulipiga magoti wawili, na tuliposimama magoti yote manne yalilia. Tukacheka.

Tulimkumbuka Mzee, alivyokuwa akidai maji ya baridi kisha anayapuliza. Jedidah alisema pia, bila kuulizwa, kwamba siku ile ya jeneza miguu ilimwishia, alikaa kwenye kitu cha kwanza alichokiona, na hata leo hajui kilikuwa kiti cha nani. Nikasema nimeshasahau. Sijasahau, lakini nimesema.

Kuku wa mwisho tumemla. Liz alisema hajawahi kula kuku kama huyo. Nikamwambia wako wengi.

Jioni, wenzake wakiota moto, Sammy alinikalisha kando. Akasema Mama, Mulki aliniambia yote kwenye simu: chungu, kisima, homa. Nikataka kukana lakini akacheka. Akasema Mama, mimi ningekuja kulala hata kama hapangekuwa na baridi. Wao wangeenda Lambwe na sheria zao. Mimi nilinunua hema kwa ajili ya hapa. Kwa nini hukusema ukweli tu?

Ni mtoto mzuri. Ana huruma ya baba yake. Lakini bado ni mdogo, hajui dunia. Mtu haji mahali pasipo na kitu.

Jumapili, 15 Desemba

Wameondoka baada ya kanisa. Nilimvalisha Sammy ile tai ya hariri ili mhubiri aione. Elkana alirudisha shoka walipokuwa wameshatoka nje ya lango, si kabla.

Wakati wa kuagana, Liz alishika mikono yangu yote miwili. Alisema hii ndiyo kambi bora waliyowahi kupiga. Chakula salama, baridi safi, watu wazuri. Akasema wangependa kurudi Pasaka, na wengine wa ofisini wanataka kuja, watu kumi au zaidi. Kitu kimoja tu kidogo kingefanya pakamilike, akasema akicheka, ni kuoga maji ya moto ya bomba. Lakini hiyo ni tamaa, Mama, usijali.

Sammy alinitazama kwa jicho kali. Jedidah alinikanyaga mguu. Nadhani alijikwaa.

Gari liliteremka. Vumbi lilibaki juu ya barabara kwa muda, kisha nalo likaenda. Kwenye nyasi kuna alama tatu za mahema, majani yamelala. Sitafagia hapo kwa sasa.

Jumatatu, 16 Desemba

Kimya.

Nimesonga ugali mwingi mno, mkono umezoea wageni. Jedidah aliita kutoka kwake, Mikayi, nimepika samaki, njoo tule pamoja, au nikuletee? Nilisikia harufu. Nikajibu nimeshiba. Sikuwa nimeshiba. Lakini mtu akienda haraka hivyo wataona amekuwa akingojea. Nitakwenda akiniita mara ya pili. Bado nasikiliza.

Jedidah ni mtu mwema, nimeamua. Ila imempasa anishukuru pia. Friji yake haijawahi kupata wageni wa maana kama wale, na ni mimi niliyewaleta. Leo nimemwambia Helen hivyo, naye atalifikisha.

Sasa nina mambo makubwa zaidi. Kwa fundi wa magari pale Rodi kuna pipa la lami. Likisuguliwa vizuri, likapandishwa juu ya paa la choo, likapakwa rangi nyeusi, jua lenyewe litachemsha maji. Chini natoboa tundu, naweka kopo lenye matundu madogo. Paa la choo ni bovu kidogo, na Elkana anasema pipa la maji lina uzito wa fahali. Elkana alisema pia hema ni nguo. Simsikilizi kila siku.

Mchana nilikwenda kwa Mulki nikapiga simu Nakuru. Duka lilinyamaza. Nikamwambia Sammy amwambie Liz kwamba bafu tunalo, lilikuwepo siku zote, tulisahau tu kuwaonyesha. Akasema, kwa sauti ya mtu aliyefunga macho, sawa Mama. Tunakuja.

Wote wanakuja. Jumamosi ya Pasaka, tarehe 29 Machi.